Jibu: Mshahara ni uleule, sasa walidai nini?

Ndugu, umeuliza wenzi wa jinsia moja wa watumishi wa serikali ya Marekani walikuwa wakidai nini, ilhali mshahara ni uleule. Mshahara sawa, lakini bima ya afya je? Pensheni ya mjane? Mtumishi alikatwa kama wenzake, mwenziwe akifika dirishani haambulii kitu. Mimi naona huo ni uonevu mtupu.

Mtazame Michael Guest, aliyekuwa balozi Romania. Kanuni hazikumpa mwenzi wake nauli ya kumfuata kituoni wala mafunzo ya usalama. Mwaka 2007 akaacha kazi. Mambo ya ubalozini yalirekebishwa 2009. Bima ikangoja uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Juni 2013, tena kwa waliofunga ndoa tu.