Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa viwavi

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama mtu aliyekwenda chuo kikuu kusoma biolojia akubali kumaliza mwaka mzima akipanda mahindi vikoponi, akilisha viwavi na kuwapondea vipepeo ndizi, huku wenzake wakishughulika na vinasaba. Kubali, mwanangu.

Kipepeo mnayemfuga, Bicyclus anynana, ni wa huku kwetu Afrika. Ukoo ulioenea katika maabara za dunia ulianza na majike zaidi ya 80 waliokamatwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988, wakalelewa Leiden, Uholanzi. Jamaa zake unawajua tangu utoto: ni wale wa kahawia wanaotua kwenye ndizi zilizooza chini ya migomba kihambani. Ukimwinamia mmoja taratibu, utaona ukingoni mwa bawa doa mfano wa jicho, lenye kitone cheupe katikati, kisha weusi, kisha duara la rangi ya dhahabu.

Kiwavi aliyekulia kwenye nyuzijoto 27 hutoka na madoa makubwa ya masika, yanayomfanya adui aume ukingo wa bawa na kuuacha mwili. Aliyekulia kwenye nyuzijoto 17 hutoka na madoa madogo, kwa kuwa kwao Malawi baridi ni dalili ya kiangazi, na wakati huo kipepeo hujificha kwa kufanana na majani makavu. Hayo huamuliwa hasa siku za mwisho kabla kiwavi hajawa pupa, yaani akiwa bado mikononi mwako.

Nilipokuwa nikitunza mbu maabarani, mwishoni mwa juma moja la Julai umeme ulikatika, chumba cha viluwiluwi kikapoa, nami kwa woga sikuandika lolote daftarini. Mbu walichelewa kutoka, tena wakawa wakubwa kuliko kawaida, na mtafiti akapima mabawa yao wiki tatu akitafuta sababu, hadi nilipopata ujasiri wa kumweleza. Hakunikaripia. Vipimo vyote vilitupwa, na nikikumbuka bado naumia.

Kwa hiyo kila asubuhi soma kipimajoto kabla hujagusa jani la hindi, uandike saa na tarakimu kwa wino, hata ukikuta kimeshuka na kosa ni lako. Hao wa vinasaba watachunguza bawa ulilolilea wewe. Nawe nijibu hili: umeme ukikatika usiku, nani huamka kwenda kuwatazama?

Mama yako