Gari la MCA ni lake au ni letu?

Barua nyingi tulizopokea zinahusu fedha na mali zilizo mikononi mwa wawakilishi wadi (MCA), yaani wajumbe wa mabunge ya kaunti. Tumechagua tano.

Mwakilishi wetu anatembelea gari kubwa jeupe. Yeye anasema ni lake, vijana wa steji wanasema ni la kaunti. Tumwamini nani? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Anza na namba ya gari. Magari ya serikali za kaunti hubeba namba ya kaunti yenyewe kisha herufi CG: Kisumu ni 42, Nakuru ni 32. Likiwa na namba ya kawaida inayoanza na K, huenda kweli ni lake, hata kama fedha zilitoka kwa umma. Hapo zamani MCA alipewa mkopo wa gari wa shilingi 2,000,000, akakatwa kwenye mshahara hadi amalize. Februari 2021 Tume ya Mishahara na Marupurupu ilikubali mkopo huo ugeuzwe kuwa ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa. Gari lililonunuliwa kwa ruzuku husajiliwa kwa jina la mwakilishi na huondoka naye muhula ukiisha. Linaweza kukuudhi, lakini si wizi.

Gari la bunge la kaunti ni jambo tofauti kabisa. Hilo halitoki bila karatasi ya safari, ile madereva wanayoiita wak tiketi. Humo huandikwa tarehe, kilomita za kuondoka na za kurudi, lita za mafuta, shughuli yenyewe na sahihi ya aliyeidhinisha. Ubaya huanzia pale mtu anapobebwa na gari la bunge, kisha akajaza fomu ya kudai posho ya kilomita kwa safari ileile, kana kwamba alitumia gari lake mwenyewe. Mkaguzi akizilaza karatasi hizo mbili mezani, tarehe zinamuumbua. Kwa hiyo ukitaka kujua ukweli, usiombe picha za gari. Omba wak tiketi na madai ya kilomita ya mwezi mmoja.

Mshahara wa MCA ni kiasi gani, na je, bunge la kaunti linaweza kujiongezea? (Mwalimu mstaafu, Lurambi, Kakamega)

Haliwezi. Kifungu cha 230 cha Katiba kinaipa Tume ya Mishahara na Marupurupu pekee kazi ya kupanga mishahara na marupurupu ya maafisa wa serikali, na mjumbe wa bunge la kaunti ni mmoja wao. Spika, bodi ya huduma za bunge au kura ya wajumbe wote 60 wa wadi za Kakamega haviwezi kuzaa posho mpya. Wabunge wa kitaifa walijaribu: walijipa posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikaifuta na kuagiza fedha zilizokwisha kulipwa zirudishwe.

Kuhusu kiasi, tangazo la tume hiyo la 2017 liliweka mshahara wa MCA kuwa shilingi 144,375 kwa mwezi kabla ya kodi. Asilimia 60 ya hizo, yaani 86,625, ndiyo mshahara wa msingi. Mwaka 2023 tume ilitangaza nyongeza ya awamu mbili, lakini ile ya Julai 2024 ilisimamishwa baada ya maandamano ya vijana. Basi kabla ya kubishana kwenye baraza, tafuta tangazo la karibuni zaidi katika gazeti rasmi la serikali, kwa sababu watu wengi hubeba takwimu za muhula uliopita.

Usiudharau mshahara wa msingi. Ndio unaotumika kukokotoa kiinua mgongo, yaani malipo ya mwisho wa muhula, ambacho ni asilimia 31 ya mshahara wa msingi wa muda aliotumikia. Kwa kiwango cha 2017, miezi 60 mara 86,625 ni 5,197,500, na asilimia 31 yake ni 1,611,225. Posho za kamati haziingii katika hesabu hiyo.

Baada ya uchaguzi ofisi ya wadi ilifungwa. Kompyuta na viti havikuonekana tena. Nani anawajibika? (Mfanyabiashara, Kaptembwo, Nakuru)

Kwanza karani wa bunge la kaunti. Yeye ndiye afisa mhasibu kisheria, na kila kiti kilichonunuliwa kwa fedha za bunge kinapaswa kuwa kwenye rejista yake ya mali: namba ya kibandiko, namba ya kiwandani, tarehe na bei ya kununuliwa, kilipo, na jina la anayekishika. Mara nyingi rejista huandika tu "kompyuta 3, ofisi ya wadi". Bila namba ya kiwandani huwezi kumshika mtu, kwa kuwa atarudisha kompyuta mbovu yoyote na hesabu itatimia.

Makabidhiano yafanywe kabla ya siku ya mwisho ya muhula, kitu kwa kitu, na karatasi itiwe sahihi na anayeondoka, mtunza stoo na msaidizi wa ofisi ya wadi. Karani ana nafasi moja nzuri ya kudai kisichoonekana, nayo ni kabla ya kiinua mgongo kulipwa. Fomu ya kuthibitisha kwamba mtu hadaiwi isitiwe sahihi huku kompyuta haijulikani iliko. Fedha zikishaingia benki, utamfuata mtu hadi kesi ichoke.

Uliza pia mkataba wa pango uko kwa jina la nani. Ukiwa kati ya mwenye nyumba na bunge la kaunti, ofisi ni ya wadi, naye mwakilishi mpya anaingia. Mwakilishi akiwa alitia sahihi yeye binafsi, au nyumba ni ya mkewe au mumewe, hapo pana mgongano wa maslahi na ni habari ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi.

Na kama mtu anasema "aliuziwa" kompyuta hizo kwa bei ya kutupa, mwulize kamati ya uuzaji wa mali iliketi lini. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali za umma ya 2015 inataka kamati hiyo ipendekeze njia: kuhamishia taasisi nyingine ya umma, zabuni ya wazi, mnada, na kadhalika.

Nakuru sasa ni jiji. Madiwani wa jiji wanalipwa na nani? (Msomaji, Bahati)

Nakuru ilipata hati ya jiji 1 Desemba 2021, lakini haikupata madiwani. Mabaraza ya miji yalikwisha 2013. Jiji, kama la Kisumu, lina bodi ambayo wajumbe wake hufanya kazi kwa muda tu: hawapati mshahara, ila posho na kurudishiwa gharama. Mwakilishi wa wadi yako anakaa bunge la kaunti, pamoja na wenzake wa wadi nyingine 54.

Nikitaka kuona stakabadhi za safari ya kamati, nifanyeje? (Kikundi cha vijana, Nyalenda, Kisumu)

Andikeni barua kwa karani wa bunge la kaunti, kwa Kiswahili kama mpendavyo, kwani sheria ya kupata habari ya 2016 inaruhusu. Tajeni kitu kimoja, pamoja na masurufu, yaani fedha ambazo msafiri hupewa kabla ya safari: "Tunaomba orodha ya wasafiri, vocha za masurufu na ripoti ya safari ya kamati fulani, tarehe fulani hadi fulani." Ukiomba "matumizi yote ya bunge" utajibiwa kwamba ombi halieleweki. Pelekeni nakala mbili na mrudi na moja yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Karani ana siku 21 za kujibu. Anaweza kuziongeza mara moja tu, zisizozidi 14. Ombi halilipiwi, isipokuwa gharama halisi ya kutoa nakala.

Mkipata karatasi, tazameni tarehe. Aliyechukua masurufu anatakiwa kuyatolea hesabu ndani ya siku 7 za kazi tangu arudi kituoni. Asipofanya hivyo, yakatwe yote kwenye mshahara wake pamoja na riba, na asipewe mengine kabla ya kumaliza ya kwanza. Mkiona mtu mmoja ana masurufu matatu yaliyo wazi, kosa ni la aliyeidhinisha pia. Kifungu cha 226 cha Katiba kinamtaka aliyeidhinisha matumizi kinyume cha sheria alipe hasara hiyo mwenyewe, hata akiwa ameshaacha kazi.

Mkinyimwa au mkinyamaziwa, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi Kisumu. Msikawie: mna siku 30 tangu mjulishwe uamuzi. Ambatanisheni ile nakala yenye muhuri.