Miguu mitatu haitoshi kuiita transista

Weka hiyo pasi ya kulehemu chini kwanza. Unauliza uiweke joto gani ili ubandike transista yoyote ya miguu mitatu mahali pa kipande kilichoungua kwenye bodi yako, eti kwa sababu namba hazisomeki na kuna mtu kakwambia umbo likilingana inatosha. Haitoshi!

Ushauri huo huo nilipewa na fundi niliyemwamini, kwa sauti ya mtu asiyekosea: "Miguu mitatu hiyo, weka transista ya A1SHB, itakaa." Ikakaa kweli, maana umbo la SOT-23, lile dogo la miguu mitatu, ni lile lile. Taa ya bodi ikawaka, kisha prosesa ikachemka hadi kidole hakivumilii, ikafa bila hata moshi. Fundi akasema bodi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Uongo mtupu.

Kipande cha awali kilikuwa regyuleta ya XC6206, ile inayoandikwa 662K, inayoshusha volti 5 za USB kuwa 3.3. Mguu wa 1 ni graundi (upande wa hasi), wa 2 unatoa, wa 3 unapokea. A1SHB ni mosfeti ya Si2301, yaani transista inayofanya kazi kama swichi, aina ya P: mguu wa 1 ni geti (inayoiwasha), wa 2 sosi, wa 3 dreni. Ikikaa hapo, geti inaangukia graundi, dayodi (njia ya umeme ya upande mmoja) iliyomo ndani yake inapitisha umeme toka dreni kwenda sosi, na mosfeti inafunguka yote. Volti 5 nzima zikaingia kwenye prosesa ya 3.3.

Na bodi ilikuwa imeshasema! Pembeni paliandikwa U2. Kwa kawaida transista huandikwa Q, dayodi D, fyuzi F. U ni chipu. Picha ya bodi uliyotuma inaonyesha U4, wazi kabisa. Anayekwambia transista hajaitazama.

Usibandike chochote kabla hujajua kila mguu unakwenda wapi. Chomoa umeme na betri, weka multimita kwenye mlio. Mguu upi unalia na hasi ya USB? Upi unalia na chanya yake? Upi na kapasita zilizo karibu na prosesa? Ukipata zote tatu, karibu hakika unatafuta regyuleta, na datashiti ya prosesa, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, ndiyo itakayokwambia volti ngapi. Hata msimbo ungesomeka, usingetosha peke yake: A1 tupu kwenye umbo hilo hilo huwa BAW56, dayodi mbili kwa pamoja.

Halafu pima ukinzani kati ya mguu wa kutoa na graundi. Ukikuta karibu sifuri, shoti iko mbele, na kipande kipya kinaweza kuungua kama hicho. Leta majibu hapa pamoja na namba iliyo juu ya prosesa, na usiwashe kitu mpaka tuyaone.