Spaiwea imefutwa, mbona kompyuta bado inalalamika?

SWALI: Kompyuta yangu ya zamani inatumia Windows 7. Antivirusi imekuta spaiwea (programu ya kijasusi) na kuifuta. Tangu hapo, kila nikiiwasha kinatokea kidirisha chenye kichwa RUNDLL kikisema faili fulani la .dll, jina lake herufi tupu zisizosomeka, halikupatikana. Nikibonyeza OK kazi inaendelea. Je, spaiwea imerudi?

JIBU: Kidirisha chenyewe ni dalili kwamba faili lile limeondoka kweli. Spaiwea ikiingia hujiandikisha kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, katika orodha ya vitu vya kuanzishwa mashine inapowaka. Antivirusi ilifuta faili, jina ikaliacha orodhani. Windows inaita jina, hakuna anayeitika, basi inakulalamikia wewe.

Mambo mawili usiyafanye. Usitafute faili hilo mtandaoni ulirudishe: unatafuta kitu ulichokwisha kukitupa, na tovuti nyingi zinazogawa mafaili ya .dll si za kuaminika. Pia usifute rundll32.exe. Hilo ni faili halali la Windows, limetumwa tu kufungua kisichokuwapo.

Andika jina la faili kama linavyoonekana kwenye kidirisha, herufi kwa herufi. Kisha pakua Autoruns, programu ya bure ya Microsoft, ukitazama kwanza kama toleo ulilopata bado linakubali Windows yako. Bofya faili lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ulifungue kwa mamlaka ya msimamizi. Safu ambazo faili lake halipo hutiwa rangi ya njano. Si kila ya njano ni ya spaiwea. Nyingine ni masalia ya programu ulizoondoa zamani. Wewe tafuta lile jina uliloandika, ondoa alama ya tiki, uwashe mashine upya. Kidirisha kisipotokea, rudi uifute safu hiyo kabisa.

Ukitaka kuifanya kazi hiyo kwa mkono, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika regedit, uende kwenye matawi haya:

HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run
HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run

Kwa Windows ya biti 64 tazama pia Software\Wow6432Node\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run chini ya tawi la kwanza. Kabla ya kufuta chochote, teua tawi la Run, fungua menyu ya File, uchague Export. Ukikosea utabofya mara mbili nakala hiyo na kila kitu kitarudi mahali pake. Jina lisipoonekana humo, litafute kwenye kazi zilizopangwa, yaani taskschd.msc. Spaiwea nyingi hupenda kujificha huko, na wengi hawafiki.

Msconfig, programu ya Windows ya kuchagua vitu vya kuanzishwa, nayo itazima kidirisha, lakini kwenye Windows 7 na XP kuondoa tiki hakufuti kitu: jina huhamishiwa tawi jingine la rejista likae huko. Kwa majaribio inafaa, kwa kusafisha haitoshi.

SWALI: Yangu ni XP. Baada ya kusafisha, nikiingiza nenosiri inafungua na papo hapo inanitoa, hata kwenye Safe Mode.

JIBU: Hili ni zito zaidi. Spaiwea ilibadilisha thamani ya Userinit, ile inayoiambia Windows iendeshe nini mtu anapoingia, ikaweka faili lake. Faili limefutwa, kwa hiyo hakuna cha kukufungulia mlango.

Washa mashine kwa diski ya kusakinisha Windows 7, bonyeza Shift na F10, na kwenye dirisha la amri litakalofunguka andika regedit. Teua HKEY_LOCAL_MACHINE, chagua Load Hive kwenye menyu ya File, ufungue faili liitwalo SOFTWARE lililo ndani ya Windows\System32\config. Angalia herufi ya diski. Ukiwa humo, C yako huenda ikaitwa D. Lipe jina lolote, tuseme KALE. Nenda KALE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon, uiweke Userinit iwe hivi:

C:\Windows\system32\userinit.exe,

Mkato wa mwisho uuache hapo hapo, ndivyo Windows yenyewe inavyoandika. Na C ibaki C, kwa kuwa thamani hii itasomwa na XP, si na diski. Shell nayo iwe explorer.exe peke yake. Rudi kwenye KALE, chagua Unload Hive, uwashe upya.

SWALI: Mtandao unaonyesha umeunganishwa, ila kurasa hazifunguki tangu nisafishe.

JIBU: Anza na mipangilio ya proksi, yaani mpatanishi kati ya kompyuta na mtandao: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika inetcpl.cpl, kisha Connections, LAN settings. Ukikuta proksi ya 127.0.0.1 (anwani ya kompyuta yako yenyewe) ambayo hukuiweka, ondoa tiki. Ikishindikana, fungua cmd, dirisha la amri, kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh winsock reset, uwashe upya. Amri hiyo huondoa pia viungo vya programu halali zilizojishika hapo, kama baadhi ya antivirusi, hivyo huenda ukalazimika kuzisakinisha tena.