Kupokea kiasi maalumu kila mwezi kutoka kwa mshirika wa duka la vifaa vya michezo

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mkazi wa Ujiji, Kigoma. Nimefungua duka dogo la vifaa vya michezo pale Mwanga pamoja na rafiki yangu niliyekua naye. Tunauza mipira, jezi, bukta, njumu, soksi na nyavu, na mzigo tunauchukua Kariakoo. Mimi nilitoa shilingi milioni 3, mwenzangu milioni 1, na yeye ndiye anayekaa dukani kwa kuwa anafahamiana na makocha na walimu wa michezo. Tulikubaliana kwa mdomo anipe shilingi 150,000 kila mwezi, duka liuze lisiuze, na mtaji wangu nirudishiwe wote siku nitakapouhitaji. Kinachozidi ni chake. Miezi mitatu amenilipa bila tatizo, lakini sasa ligi za mitaani zimesimama, mauzo yameshuka, na naona anatoa fedha mfukoni mwake. Je, makubaliano haya yanasihi? Je, kuandikishana na rafiki si kuonyesha kwamba humwamini? Na je, tunaweza kuuza jezi zisizo halisi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ndugu yangu, Allah akulipe kheri kwa kuuliza wakati mali bado ipo na urafiki bado upo, kwani wengi hutujia baada ya vyote viwili kuharibika.

Ushirika wenyewe ni halali. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alikuwa na mshirika katika biashara kabla ya kupewa utume, naye ni As-Saib bin Abi As-Saib, ambaye alikuja kumsifu kuwa alikuwa mshirika mwema, asiyeficha wala kubishana. Biashara ya vifaa vya michezo nayo ni halali, kwa kuwa michezo inayoujenga mwili bila kamari wala kukiuka mipaka ya dini imeruhusiwa. Tatizo la swali lako liko katika sharti la shilingi 150,000 na katika sharti la kurudishiwa mtaji wote kwa hali yoyote.

Masharti haya mawili ni batili. Imamu Ibn al-Mundhir amenukuu kuwa wanachuoni wamekubaliana kwamba, katika biashara ya mtu kutoa mali na mwenzake kuifanyia kazi, makubaliano hubatilika ikiwa mmoja wao atajiwekea kiasi maalumu cha fedha katika faida. Sababu yake inafahamika kutokana na Hadithi ya Rafi' bin Khadij iliyopokewa na Bukhari na Muslim: watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba kwa sharti kwamba mavuno ya sehemu fulani ni ya mwenye ardhi, ikawa mara sehemu hii inatoa na ile inaharibika, mara kinyume chake, na Mtume akakataza. Itazame hali yenu kwa jicho hilo. Duka likipata faida ya shilingi 150,000 kwa mwezi, wewe umechukua yote na aliyekaa dukani tangu asubuhi hadi magharibi hakupata kitu. Likipata shilingi 600,000, wewe unabaki na 150,000 ilhali robo tatu ya mtaji ni yako. Mmoja wenu lazima adhulumike, na hamjui ni yupi mpaka mwezi uishe. Zaidi ya hapo, fedha inayotolewa kwa sharti kwamba itarudi yote na nyongeza juu yake kila mwezi, hata mkiita ushirika, kwa hakika yake ni mkopo wenye riba, na hilo ndilo ninalokuhofia zaidi.

Njia iliyo sahihi ni kugawana faida kwa mafungu, kwa mfano nusu kwa nusu au theluthi mbili kwa theluthi moja, bila kutaja kiasi cha shilingi. Hapa pana tofauti ya madhehebu ambayo ni wajibu nikueleze. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi katika pwani na bara yetu, faida hufuata mtaji, yaani wewe robo tatu na yeye robo, na haisihi kusharutisha vinginevyo. Mahanafi na Mahanbali, yaani wafuasi wa Imamu Abu Hanifa na Imamu Ahmad bin Hanbal, wameruhusu mshirika anayefanya kazi apewe fungu kubwa kuliko mtaji wake kwa maridhiano. Mimi naona mchukue kauli hii ya pili, kwa sababu kazi ya mwenzako ni kubwa: ndiye anayeijua timu ipi inahitaji seti ya jezi na shule ipi inataka mipira kabla ya mashindano, na ujuzi huo ni mali. Mkikubaliana nusu kwa nusu, faida ya shilingi 800,000 itakuwa 400,000 kwa kila mmoja.

Hasara haina hiari hiyo. Kwa madhehebu yote hasara hufuata mtaji, hivyo likipotea 400,000, wewe unabeba 300,000 na yeye 100,000. Mali yako ni amana mikononi mwa mwenzako. Halipi kilichopotea isipokuwa amefanya uzembe au amevuka mipaka mliyowekeana. Mvua ikiezua bati usiku na jezi zikaloa, hasara ni yenu nyote. Akiondoka na kuacha duka wazi, ni yake. Akiikopesha timu seti nzima nawe ulikuwa umemkataza, ni yake pia. Kwa hiyo jambo la kukopesha timu mlizungumze mapema, maana viongozi wa timu huahidi kulipa baada ya mashindano, na mashindano huisha.

Kuhusu kuandikishana, Allah amesema katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, kuhusu deni, kwamba tusichoke kuliandika, dogo au kubwa, na kwamba kufanya hivyo ni uadilifu zaidi mbele yake na kunatuweka mbali na shaka. Wengi wa wanachuoni wanaliona kuwa sunna na si wajibu. Hata hivyo, katika Sura ya Swad, aya ya 24, imetajwa kwamba washirika wengi hudhulumiana isipokuwa walioamini na wakatenda mema, nao ni wachache. Kumwandikia rafiki ni kumhifadhi yeye, kwani ukifa leo warithi wako hawatajua kuwa milioni 1 iliyo katika mzigo ule ni ya kwake. Andikeni mtaji wa kila mmoja, mafungu ya faida, siku ya kuhesabu mali na namna ya kuachana, mbele ya mashahidi wawili, na jina la biashara mliandikishe BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa majina yenu nyote wawili.

Ama jezi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha mwaka 1988, liliamua kwamba alama na majina ya biashara ni haki za wenyewe na haijuzu kuzivamia. Hivyo msiuze jezi yenye nembo ya kughushi, hata mkimwambia mnunuzi ukweli. Ziko jezi nyingi zisizo na nembo ya mtu, mnazoweza kuchapa jina la timu ya mtaa na namba. Na kila kasoro itajwe. Mtume aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini, akamwambia mwenyewe auweke juu watu wauone, kisha akasema kuwa anayedanganya si katika sisi; ameipokea Muslim. Mpira namba 5 wa mechi una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mkiwa na mpira mwepesi kuliko huo, au ulioachia uzi kwenye mshono, kocha aambiwe kabla hajatoa fedha.

Limebaki suala la ile miezi mitatu. Hesabuni mali yote iliyo dukani pamoja na fedha na madeni mnayowadai watu, mtoe humo mtaji, mjue faida. Kwa kuwa makubaliano ya awali yamebatilika, faida ya muda huo inagawanywa kwa mtaji, robo tatu yako na robo yake, nawe unadaiwa ujira wa kazi aliyoifanya katika fungu lako: ikiwa anayekaa duka la aina hiyo Kigoma hulipwa 160,000 kwa mwezi, basi robo tatu yake, yaani 120,000 kwa kila mwezi, ni haki yake kwako. Shilingi 450,000 ulizokwisha kupokea zihesabiwe ndani ya hisabu hiyo. Zilizozidi haki yako mrudishie, isipokuwa akusamehe kwa ridhaa yake baada ya kujua hesabu yote. Na malipo ya mwezi huu usiyapokee. Wallahu a'lam.