Msimu niliochuma karafuu bila kuvua shati

Juzi mama mmoja wa Micheweni kaniandikia. Mwanawe wa miaka 13 kaacha ghafla kwenda kukoga pwani na wenziwe, na hata kwenye joto anavaa fulana mbili. "Mwanangu ana nini, kaka?" Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Mimi ilinianza upande wa kushoto: kidonge kigumu nyuma ya chuchu, mfano wa kokwa ya zambarau, ukikigusa kinauma. Vijana wote wa mtaani kwetu Wete walikuwa juu ya mikarafuu vifua wazi, mimi peke yangu na shati la mikono mirefu. Siku moja binamu yangu akanivuta shati mbele ya watu. Jina alilonipa jioni ile, Bi Harusi, lilinifuata miaka minne. Yeye kashasahau.

Niliamini nageuka mwanamke. Ningemuuliza nani? Dada yangu alipovunja ungo aliletewa somo, yaani kungwi, akafundwa kila kitu. Sisi wanaume chuo cha Kurani tulifundishwa kukoga janaba, basi. Sauti ikikukatika, wanakucheka. Ukinuka kikwapa, wanakukimbia.

Nimekuja kuelezwa na daktari nishafika miaka 19, kwa dakika mbili tu. Uvimbe huu huwapata karibu nusu ya wavulana. Ukibaleghe homoni hupanda, hata estrojeni, ambayo watu huiita ya kike lakini kila mwanamume anayo kidogo. Kwa muda mizani huelemea upande huo, nyama ya titi ikavimba. Kwa wengi hunywea yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Yangu ilinywea hata siku yenyewe siijui. Dakika mbili, wallahi, zingeniokoa miaka minne!

Kwa hiyo mama, usimvue fulana kwa nguvu wala usimpake dawa. Mwambie. Au baba yake amwambie, maana akina baba sisi ni hodari wa kununua viatu vya mpira, kwenye haya mambo tunajitia usingizi. Uvimbe ukikua haraka, ukitoa maji au ukipita miaka miwili, mpelekeni hospitali. Vyenginevyo, mwambieni tu, tena mapema.

Wangu ana miaka 11. Nilimweleza tukiwa tunaanika karafuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama na sauti yake itakuja kuwa mbaya kama yangu.