Re: Kwa nini Mchagga anaambiwa anapenda hela?

Ndugu, umeuliza kama dhana hii ya kwamba Mchagga anapenda hela inatokana na malezi au akili ya binadamu. Ni vyote viwili, ila mimi naona ushindani una nguvu kuliko tunavyokubali. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana wa miaka 11 hivi makundi mawili kambini Oklahoma, Marekani. Hawakutofautiana rangi wala dini. Walipoanza kushindania zawadi, matusi yakaanza, bendera zikachomwa. Uadui ulipungua walipolazimika kushirikiana, kwa mfano maji yalipokatika. Sasa nenda soko la Kilombero hapa Arusha: wateja wakipungua, ndipo kabila la mwenye kibanda cha jirani linatajwa kwa ukali.

Pia akili hushika kinachothibitisha ilichoamini. Mchagga akikudai riba unamsimulia miaka; Mchagga aliyekukopesha bila riba humtaji kwa kabila lake.

Dhana kuhusu Mmaasai ndiyo inaniuma zaidi. Tunamwona getini usiku, tunasema ulinzi ni asili yake. Wengi wao wamekuja mjini kwa sababu ukame uliua mifugo, na geti ndiyo kazi wanayopewa mara nyingi.